Kushika Testa Baada ya Miaka Arobaini

Ufundi wa stima ni miongoni mwa kazi ambazo sheria ya Kenya haijaziwekea umri wa mwisho wa kuanza. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamtaka anayefunga nyaya katika nyumba ya mtu awe na cheti. Haimuulizi ana mvi ngapi. Kwa hiyo mtu wa miaka 42 aliyefunga duka, aliyestaafu jeshi au aliyechoka na kahawa isiyolipa anaweza kuingia katika kazi hii kwa mlango uleule wa kijana aliyemaliza shule mwaka jana. Vinavyomtofautisha na kijana huyo ni vitatu: familia inayomtegemea, mwili ambao si ule wa zamani, na makaratasi. Hicho cha tatu ndicho kinachowakwamisha wengi, ingawa wengi wao huogopa zaidi hicho cha pili.

Katika mji wa Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, wanaoanza wakiwa wamechelewa hawakosi. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na mapato ya wakulima wa Tetu, Mathira, Othaya na Mukurwe-ini yakayumba kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake kwa mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, na watu wenye miaka arobaini na kitu wakarudi nyumbani na kiinua mgongo bila ufundi wowote wa mkono. Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli na kusimamisha matatu. Nanyuki, kwenye kambi ya Jeshi la Anga ya Laikipia, askari wa vyeo vya chini humaliza mikataba yao wangali na nguvu za kufanya kazi miaka mingine 20. Watu wa aina hii hawatafuti kazi ya kuwafikisha mbali. Wanataka kazi ambayo mtaa wao wenyewe unaihitaji.

Na mtaa unaihitaji. Majengo ya Nyeri ni mojawapo ya mitaa ya zamani ya mji uliochipuka kando ya ngome ya Waingereza iliyojengwa mwaka 1902. Kama ilivyo kwa Majengo ya Nanyuki na ya Meru, au ile ya Pumwani jijini Nairobi, jina hilo huashiria makazi ya Waafrika waliojijengea wenyewe pembeni mwa mji wa kikoloni, wengi wao wakiwa Waislamu na wafanyabiashara. Nyumba za mitaa hiyo zilijengwa chumba baada ya chumba kadiri pesa zilivyopatikana, na stima ikaongezwa vivyo hivyo: taa moja mwaka huu, soketi mbili mwaka ujao, waya ukapitishwa chini ya mabati hadi kwa mpangaji mpya. Nyumba moja inaweza kuwa na rangi za nyaya za vizazi viwili, nyekundu na nyeusi upande wa zamani, kahawia na samawati upande mpya, na katikati kuna kiungo kilichofungwa kwa utepe uliokwisha kukauka. Kazi ya kurekebisha nyumba kama hizo haiishi, nayo haitoki kwa wakandarasi wakubwa. Inatoka kwa mama mwenye nyumba anayemtafuta mtu anayemjua.

Upande wa mashambani kazi iliongezwa na serikali. Mradi wa kufikisha stima vijijini uitwao Last Mile ulizinduliwa mwaka 2015, na gharama ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Kwa familia zisizo na nyaya nyumbani, mradi ulitoa kibao chenye taa na soketi kilicho tayari kupachikwa ukutani. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa kaya 50.4 kati ya kila 100 nchini zilitumia stima ya gridi kwa mwanga. Kibao hicho kinatosha kuwasha taa na kuchaji simu. Familia ikinunua friji au ikijenga chumba cha pili, fundi hana budi kuitwa.

Kujifunza kazi yenyewe kuna njia tatu, na watu wazima wa Nyeri wanazitumia zote.

Ya kwanza ni chuo. Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Nyeri, ambacho zamani kilikuwa taasisi ya mafunzo ya ufundi na kikapandishwa hadhi mwaka 2016, kina mafunzo ya stima. Othaya kuna Chuo cha Ufundi cha Mathenge. Juu ya vyuo hivyo kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoanza mwaka 1972 kama taasisi ya harambee ya wenyeji na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2012, ingawa anayetaka kufunga nyaya za nyumba hahitaji kufika huko. Chini ya hivyo vyote kuna vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, vile ambavyo wazee bado huviita polytechnic za kijiji. Vilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Baraza la Makanisa kuuliza katika ripoti yake ya 1966 vijana waliokosa nafasi ya sekondari waende wapi. Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Wengi wanaochelewa hawavifikirii kwa sababu wanaamini ni vya watoto waliofeli. Wanakosea: anayetaka ufundi wa mkono tu, na hana miaka mitatu ya kukaa darasani, mara nyingi atapata huko anachokitafuta.

Mafunzo ya siku hizi yamegawanywa kwa viwango. Kiwango cha tatu na cha nne ni vya fundi wa kawaida, cha tano ni cha ufundi stadi, cha sita ni diploma. Diploma hudai alama ya C kutoa katika mtihani wa kidato cha nne, na kiwango cha tano hudai D. Vya chini yake viko wazi hata kwa aliyefanya vibaya zaidi. Hapa ndipo mwanafunzi mtu mzima hukutana na tatizo ambalo kijana halijui: cheti chake cha kidato cha nne kimebaki shuleni tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya deni la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 hairuhusu shule kukizuilia cheti, kwa hiyo anaweza kwenda kukidai bila kuona haya. Aliyesoma kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 anakuja na cheti cha kidato cha nne cha wakati huo, KCE, ambacho kilitolewa mara ya mwisho mwaka 1987, na karani wa usajili aliyezaliwa baadaye huenda akahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Njia ya pili ni kushikwa mkono na fundi. Hii ndiyo ya zamani na ndiyo ya wengi. Mwanafunzi hubeba ngazi, hupiga tindo ukutani, huvuta waya ndani ya paipu, na baada ya miezi kadhaa hupewa swichi ya kwanza kufunga. Katika Majengo fundi anayefundisha huenda ana miaka 26 na mwanafunzi ana 45. Kijana hawezi kumwita mwanafunzi wake kwa jina, kwa hiyo humwita Mzee au Baba fulani, kisha palepale humtuma akalete msumari. Wapo wanaojikaza na kucheka jambo hilo, na wapo wanaoacha kazi wiki ya pili kwa sababu hiyo peke yake. Anayejua tangu mwanzo kwamba heshima ya umri na daraja la kazi ni vitu viwili vinavyoweza kukaa pamoja hupata urahisi mkubwa.

Njia ya tatu ni ya wale ambao tayari wanajua. Wako watu waliofanya kazi ya stima miaka 15 kando ya kazi nyingine, bila karatasi yoyote: mlinzi wa shule aliyekuwa akitengeneza taa za mabweni, fundi wa magari anayeelewa nyaya za volti 12 kuliko wengi. Kwa hao kuna mtihani wa gredi wa serikali, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Gredi ya tatu ndiyo ya chini, kisha ya pili, kisha ya kwanza, na mtahiniwa hupanda moja baada ya nyingine. Mtihani hauulizi alisoma wapi. Huangalia mikono: mtahiniwa hupewa ubao, nyaya, swichi na mchoro, na kazi yake hukaguliwa. Hata wafungwa hukalia mitihani hii katika karakana za magereza. Sambamba na hilo, serikali imeanzisha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu huleta ushahidi wa kazi zake, huhojiwa, huonyesha kwa vitendo, kisha hupewa cheti cha kiwango anachostahili. Tanzania ilitangulia katika hili: mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, VETA, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi wa mitaani, wakiwemo wa umeme, kwa utaratibu unaofanana na huo.

Gredi ina uzito hata kabla ya leseni. Amri za kima cha chini cha mshahara nchini Kenya humtaja fundi asiye na gredi, kisha fundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, kila mmoja na kiasi chake. Fundi mwenye mikono mizuri asiye na karatasi, kisheria, anaweza kulipwa kama asiye na gredi, na mwajiri hajavunja amri yoyote.

Ujuzi na gredi havimruhusu mtu kujitegemea. Hapo anaingia msimamizi mwingine, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA), iliyochukua nafasi ya tume ya awali ya kawi chini ya sheria ya 2019. Mamlaka hii hutoa vyeti vya fundi wa stima kwa madaraja: C-2 ndilo la chini, la kazi za fezi moja, yaani nyumba za kawaida za volti 240; juu yake kuna C-1, B, A-2 na A-1, kadiri ukubwa wa mitambo na volti unavyopanda. Mwombaji huonyesha vyeti vyake na miaka aliyofanya kazi chini ya fundi mwenye cheti, kisha huitwa kwa usaili. Cheti cha fundi si leseni ya ukandarasi. Hiyo ni ya biashara, na biashara haiwezi kuchukua kazi ya daraja ambalo haina fundi wake.

Pengo kati ya kujua kazi na kupata cheti hicho ndilo linalokula watu. Kampuni ya kusambaza stima, Kenya Power, haileti mita mpaka ipokee fomu ya kukamilika kwa kazi iliyotiwa saini na mkandarasi mwenye leseni, inayosema nyaya zimefungwa vizuri na zimepimwa. Fundi wa mtaa asiye na leseni humaliza nyumba, kisha humtafuta mwenye leseni amsainie kwa malipo. Mwenye leseni huenda hakuiona nyumba kabisa. Desturi hii imezoeleka mno hata hakuna anayeona haya kuizungumzia. Lakini madhara yake kwa anayeanza akiwa mtu mzima ni makubwa kuliko kwa kijana. Kila mwaka anaofanya kazi kwa jina la mwingine ni mwaka ambao hauandikwi popote kuwa wake, na yeye hana miaka mingi ya kupoteza. Aliye makini hutafuta tangu siku ya kwanza fundi mwenye cheti ambaye atakubali kumwandikia barua ya kazi alizofanya, nyumba baada ya nyumba, na tarehe zake. Barua hizo zina thamani kuliko ngazi na drili.

Malipo katika miaka ya mwanzo ni madogo, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Kazi za nyumba hulipwa kwa pointi: kila taa, kila swichi, kila soketi huhesabiwa kuwa pointi moja, na ufundi hukubaliwa kwa kila pointi kabla kazi haijaanza. Pesa hutolewa kwa hatua. Kwanza ni kupiga paipu, mara nyingi kabla slabu haijamwagwa, paipu zikiwa zimelazwa juu ya vyuma na midomo yake kuzibwa kwa karatasi ili saruji isiingie. Kisha kuvuta waya, baada ya ukuta kupigwa plasta. Mwisho ni kufunga swichi, soketi, taa na kisanduku cha sakiti breka. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili mwenye nyumba anaweza kuishiwa pesa na mjengo ukasimama miezi minane. Kijana anayekaa kwa wazazi huvumilia. Mwenye watoto watatu shuleni hawezi kuishi kwa hatua moja ya nyumba moja, kwa hiyo waliofanikiwa kubadilisha kazi wakiwa wakubwa mara nyingi hawakuiacha kazi ya kwanza ghafla. Waliendelea na shamba, duka au bodaboda kwa mwaka mmoja au miwili huku wakifanya stima siku za Jumamosi na likizo.

Msaada wa serikali nao una mpaka wake. Katiba inamtambua kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35, na miradi mingi ya kuwapa watu ujuzi na mtaji imejengwa juu ya tafsiri hiyo, mingine ikikata hata mapema zaidi, miaka 29. Mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa makundi maalumu una mlango wa vijana, wa wanawake na wa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 40 asiye na ulemavu hana mlango hapo. Mwanamke wa umri huohuo anao, kwa sababu kundi la wanawake halina kikomo cha umri, na ni ajabu kwamba wachache wanaliona jambo hilo wanapochagua ufundi. Nyumba nyingi za Majengo mchana huwa na wanawake na watoto tu. Fundi mwanamke anayebisha hodi saa nne asubuhi hufunguliwa bila maswali.

Mwili, ambao wengi huuogopa, unasumbua kidogo kuliko wanavyodhani. Kuchimba ukuta wa mawe kwa tindo ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini grainda imeipunguza, na mwanafunzi kijana anaweza kukodiwa kwa siku. Magoti huuma darini. Tatizo ambalo hakuna anayelitaja ni macho. Kuanzia miaka arobaini hivi jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na kazi ya stima hufanywa karibu: kichwa cha skrubu ndani ya soketi, maandishi madogo ya ampea kwenye sakiti breka, nyuzi mbili za shaba zilizotoka nje ya tundu na zinakaribia kugusa boksi la chuma. Miwani ya kusomea hutatua jambo hilo, lakini sharti ivaliwe juu ya ngazi na si kuachwa nyumbani kwa kuona aibu. Asiyetofautisha nyekundu na kijani ana kikwazo kikubwa zaidi, naye anapaswa kupimwa kabla ya kulipa karo.

Hesabu za kazi ni za shule ya msingi. Anayejua kuzidisha na kugawanya ana zote anazohitaji kwa nyumba ya fezi moja. Mfano unaofaa Nyeri ni shawa ya kupasha maji papo kwa papo, kwa sababu mji uko kwenye mwinuko na maji ya asubuhi ya mwezi wa Julai hayaogeki. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa taa ni wa milimita mraba 1.5 na wa soketi ni 2.5, na huo wa 2.5 ukizikwa ndani ya paipu ukutani huwa umefika ukingoni mwa uwezo wake kwa mzigo kama huo. Fundi asiyepiga hesabu huunganisha shawa kwenye mstari wa soketi ulio karibu kwa sababu ndiyo njia fupi. Siku ya kwanza maji huwa moto na mwenye nyumba hufurahi. Baada ya miezi, plastiki ya kiungo hubadilika rangi, kisha hunuka, kisha huyeyuka, hasa pale skrubu ilipoachwa imelegea, maana joto huzidi mahali penye kiungo kibovu. Njia sahihi ni mstari wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, waya wa milimita mraba 6, sakiti breka yake na swichi yake ya nje ya bafu. Katika nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi mitaani kama Majengo, tofauti ya milimita hizo ni tofauti kati ya chumba na majivu.

Sehemu ya shawa inayopuuzwa zaidi ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Stima hufanya kazi bila huo, na ndiyo maana huachwa. Maji yanapopashwa huku kipashio kimepasuka, waya huo ndio unaoutoa umeme nje ya mwili wa anayeoga. Nyumba hufungwa fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na kwa usalama zaidi kifaa kinachokata stima ikivuja miliampea 30. Mtu mzima aliyewahi kulea watoto huelewa haraka kwa nini fimbo hiyo haifai kurukwa, na hapa umri ni faida ya kweli.

Baada ya kufunga huja kupima, na ndipo fundi hujulikana. Stima ikiwa bado haijaletwa, kipimo ambacho mafundi wenyewe hukiita mega hutuma volti 500 katika nyaya kuangalia kama ngozi zake za plastiki ni nzima. Usomaji ukiwa chini ya megaomu moja, kuna mahali waya umechunika, huenda msumari wa fundi wa dari umepita humo. Hupimwa pia kama waya wa ardhi umeungana toka mwanzo hadi mwisho, na kama swichi inakata waya wenye moto na si ule mwingine. Swichi iliyowekwa upande usiofaa huzima taa vizuri kabisa, na kumpiga anayebadilisha balbu. Vipimo hivi ndivyo vinavyoandikwa kwenye fomu ya Kenya Power. Mega ni ghali kwa anayeanza, na mafundi kadhaa huweza kuchangia moja.

Faida kubwa ya anayechelewa ni ile isiyofundishwa chuoni. Fundi wa stima huingia chumba cha kulala cha mtu, hupanda dari yake, hujua pesa zinapowekwa. Mtu aliyekaa Majengo miaka 20, anayejulikana msikitini au kanisani, ambaye watoto wake walisoma na watoto wa mtaa, hupewa funguo za nyumba ambazo kijana mgeni hapewi. Aliyekuwa mwashi au seremala huongeza jambo lingine: anajua ukuta umejengwaje na boriti iko wapi, na nusu ya kazi ya nyumba ni hiyo. Aliyekuwa na duka anajua kuandika deni na kulidai bila kugombana. Watu hawa wakipata cheti hukua haraka kuliko vijana waliowazidi mikono.

Hasara yao ni kwamba wana mazoea. Mwashi huona tundu la boksi liko sawa kwa macho na hulipima kwa mkono. Dereva aliyezoea volti 12 hugusa waya kwanza kisha huuliza baadaye. Volti 240 huua, na karibu kila fundi wa Kenya anamjua mtu aliyeuawa nazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, zote za mwaka 2007, huwalinda walioajiriwa. Fundi anayejitegemea hujilinda mwenyewe: huzima swichi kuu, hufunga kisanduku, hupima kwa testa kwamba kweli waya umekufa, kisha hupima testa yenyewe mahali penye moto kuhakikisha haijafa nayo.

Waliokwisha kupata cheti cha C-2 wana njia mbili za kupanua kazi. Moja ni jua. Kanuni za 2012 zilianzisha leseni za mafundi wa sola kwa madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo ya taa hadi ile inayounganishwa na gridi, na fundi wa stima hujifunza haraka kwa sababu sehemu ya nyumba anaijua tayari. Kinachomsumbua ni upande wa betri, ambako volti ni ndogo lakini ampea ni nyingi, na waya mwembamba huko hupata moto upesi kuliko anavyotarajia. Nyingine ni kupanda daraja hadi C-1, kwa ajili ya mashine za kusagia, pampu za visima na karakana za kuchomelea zinazohitaji fezi tatu za volti 415. Kenya Power ina chuo chake cha mafunzo ya stima Ruaraka, Nairobi, ambacho hupokea pia watu wasio wafanyakazi wake.

Kwa anayefikiria kwenda ng'ambo, nchi za nje zina masharti yao. Marekani, mafunzo ya chama cha mafundi wa stima huchukua karibu miaka mitano na saa 8,000 za kazi, na hayana umri wa juu wa kuyaanza. Uingereza ina tathmini maalumu ya mafundi wazoefu ambao hawajahitimu kikamilifu, inayodai miaka mitano ya kazi iliyothibitishwa. Kwingineko mwajiri anaweza kuuliza cheti cha gredi, na cheti cha NITA ndicho Mkenya anachoonyesha. Aliyefanya kazi kwa saini ya mwingine miaka kumi hufika huko mkono mtupu.

Cheti cha EPRA na leseni ya ukandarasi huwa na muda wake, na huhuishwa kwa ada. Mkandarasi huandika kila kazi aliyosaini, anwani ya nyumba na matokeo ya vipimo, kwa sababu mamlaka inaweza kumwita aeleze nyumba aliyoisaini miaka kadhaa iliyopita.